Daftari Lisilo na Besi

Rubya, 12 Januari 2025

Mume wangu Avit,

Mume wangu! Nimeandika neno hilo kisha nikaweka kalamu chini nilitazame. Leo ni siku ya kumi na sita ya ndoa yetu, na ya tano tangu urudi kazini Bukoba. Mama yako anasema nikiendelea kutabasamu hivi huku namenya ndizi nitajikata. "Koku, angalia kisu!" Namjibu, "Mama Klaudia, kidole kitapona."

Najua tuna simu. Simu ni ya kuulizana umekula nini. Lakini uliponichumbia uliniandikia barua saba kwa mkono wako, ninazo zote, na sitaki ndoa inipunguzie chochote. Hussein, kondakta wa basi, amekubali kutubebea bahasha kati ya Bukoba na stendi ya Muleba. Nitaifuata huko kila siku ya soko, tena nimevaa vizuri.

Sasa sikiliza. Leo nimefungua lile sanduku nililotoka nalo nyumbani Kaagya, nikafika chini kabisa, na chini ya vitenge nimekuta daftari la baba! Lile la jalada la bluu, lenye nyimbo zake kumi na mbili, zote kwa nota za herufi, kwa mwandiko wake ulionyooka kama wa ubaoni. Miaka thelathini na moja baba amefundisha kwaya ya Walutheri pale kijijini, na hakuna mtu aliyewahi kupewa daftari hilo alishike. Bila shaka ni mama aliyelitia kwa siri. Kumbe mama yangu Vestina ni jasiri kuliko anavyoonekana!

Unakumbuka siku ya harusi, baba alivyosimama nje ya kanisa lenu hadi misa ikaisha, chini ya ukingo wa bati, mvua ikimlowesha viatu. Watu walisema mengi. Tangu siku hiyo nikipiga simu ananisalimia, anauliza hali ya mvua huku, kisha anampa mama. Jina lako hajalitaja hata mara moja. Mimi nina furaha mpaka naona aibu, Avit, lakini hapo tu ndipo panaponiuma.

Jumapili ya tarehe 4 Mei anaaga kwaya. Nataka siku hiyo tumkabidhi kitabu. Kitabu kamili, chenye jalada na jina lake, nota zimepangwa kwenye ile programu yako ambayo nusu ya kwaya za Bukoba zinakuja kukupigia foleni. Hatuhitaji mchapishaji yeyote. Wewe unapanga, unachapa hapo hapo kwenye duka lenu la uchapaji, mimi nasahihisha. Kisha nisimame mbele ya watu wa Kaagya niseme: kazi hii ni ya mume wangu.

Daftari lenyewe halitoki humu ndani. Nimenakili nyimbo tatu za kwanza, zimo kwenye bahasha.

Wako peke yako,
Koku


Bukoba, 22 Januari 2025

Mke wangu Koku,

Hussein amenikabidhi bahasha mbele ya watu wote dukani akisema, "Posta ya bibi harusi hiyo." Sasa hapa wananiita Posta.

Nimeanza. Ngoja nikueleze kazi ilivyo, maana utaisahihisha wewe. Naweka kwanza mistari mitano kwa kila sauti. Kisha naingiza nota moja moja, na chini yake naweka herufi za sol-fa, kwa sababu wanakwaya wengi wanasoma herufi na mpiga kinanda anasoma mistari. Halafu maneno, silabi kwa silabi. Uzuri wake ni kwamba ukimaliza, kompyuta inakuimbia ulichoandika, na kosa linajitaja lenyewe.

Wimbo wa kwanza ulipoimba nilishtuka. Sauti ya tatu ilikuwa inapiga kelele juu ya sauti ya kwanza! Niliiwekea ufunguo usio wake, ikapanda ngazi nane nzima. Mteja mmoja aliyeleta barua ya mkopo akaniuliza kama ni king'ora. Nimeshairekebisha.

Lakini bado wimbo hausimami. Nimerudia kusikiliza. Ni mzuri, Koku, baba yako anajua kutunga, ila unaning'inia. Nikahesabu mistari. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Umesahau kuninakilia besi, mpenzi. Sauti ya nne haipo kwenye wimbo hata mmoja. Nitumie. Kurasa za nyimbo tatu zimo kwenye bahasha, uzisahihishe.

Mwambie mama nimepata maharage yake, nimeyapika mwenyewe, hayakuungua sana.

Mumeo,
Avit


Rubya, 27 Januari 2025

Mume wangu wa herufi za dhahabu,

Nilipofungua bahasha na kuona karatasi zile nilikaa chini hapo hapo stendi, juu ya gunia la mtu. Wimbo wa baba yangu! Nota nyeusi, nyororo, zimepangika kama miche ya kahawa, na maneno yamekaa kila moja chini ya nota yake. Mwenye gunia akaja. Nikamwonyesha na yeye. Akasema, "Mama, sijui kusoma hayo, lakini naomba gunia langu."

Kosa ni moja tu: kwenye wimbo wa pili, mwimbaji analazimika kugeuza ukurasa katikati ya neno. Baba hawezi kuvumilia hilo. Vunja ukurasa pale wanapopumua.

Kuhusu besi, sikusahau. Nimelipekua daftari zima, haimo. Nikacheka peke yangu nilipokumbuka. Avit, baba hakuwahi kuandika besi kwa sababu besi ni yeye. Alikuwa anatufundisha soprano, anatufundisha alto, anawafundisha wanaume sauti ya tatu, kisha anasimama nyuma na kuiweka sakafu yeye mwenyewe. Mzee Karugendo na wenzake wawili waliimba besi kwa kumfuata mdomo. Akikohoa, na wao wananyamaza. Miaka thelathini na moja! Maana yake akiondoka tarehe 4 Mei, anaondoka nayo.

Kumwomba siwezi. Atauliza daftari nimelipata wapi, na mama ataingia matatani.

Lakini mbona nahangaika na mimi nimeolewa na wewe? Tunga wewe hizo besi! Ulisoma nota seminari, una sikio. Nina hakika kabisa. Nyimbo tisa zilizobaki nimezinakili, zimo kwenye bahasha.

Anayejivunia wewe hadi majirani wamechoka,
Koku


Bukoba, 20 Februari 2025

Koku wangu,

Nimetunga besi zote kumi na mbili. Imenichukua majuma matatu, kila duka likishafungwa jioni nabaki na kompyuta. Kumi na moja ni za kupita tu, sikufichi. Nafuata sheria nilizofundishwa, lakini najisikia kama mtu anayevaa koti la mwingine.

Ila ile ya kumi na mbili, ule wimbo wa mtoto anayeaga nyumbani, ilikuja yenyewe. Nilikuwa namfikiria mzee aliyesimama mvuani. Sijui zaidi ya hapo.

Kazi nzima hii hapa, kurasa ishirini na nane, zimechapwa upande mmoja ili uwe na nafasi ya kusahihisha. Nakuomba jambo moja: mtu mwingine asizione. Besi ya mtu si kitu cha kushikwashikwa.

Avit


Kaagya, 9 Machi 2025

Kwa Bwana Avit Rugemalira, Bukoba.

Salaam.

Nimepokea karatasi ambazo binti yangu amenitumia, pamoja na maelezo marefu yenye alama nyingi za mshangao, kwamba besi zilizomo umezitunga wewe.

Nota zimepangwa kwa usafi. Hilo nakiri.

Besi ni jambo jingine. Katika wimbo wa kwanza, besi yako inamfuata soprano hatua kwa hatua kama mbwa anayemfuata mwenye nyama. Katika wimbo wa tatu umemshusha mwimbaji mahali ambapo mwanadamu hafiki. Katika wimbo wa nne umeweka nota nyingi mno. Besi haipaswi kukimbia. Wenzake wanaikanyaga.

Nakurudishia kurasa za nyimbo nne za mwanzo. Nilichotaka kusema kimo humo. Kitabu kisichapwe kama kilivyo.

Mwl. Josia


Bukoba, 13 Machi 2025

Koku,

Nilikuomba. Nilisema mtu mwingine asizione.

Nakutumia barua ya baba yako na kurasa alizorudisha. Amezichora misalaba ya wino mwekundu kuanzia kipimo cha kwanza. Nilitazama ya juu tu, nikazirudisha zote ndani ya bahasha. Nilijisikia nimerudi darasa la tatu.

Sikulaumu sana. Najua ulifanya kwa kujivuna, na kujivuna kwako ndiko kunakonifanya niamke mapema. Lakini mzee hakuingia kanisani kwenye harusi yangu, na sasa anaandika "Bwana Avit" kama mtu anayedai kodi. Hata hakuuliza daftari tumelipata wapi. Nadhani hasira imemsahaulisha hata hilo.

Nimefunga lile faili. Tutamtafutia zawadi nyingine. Wanasema kuna blanketi nzuri sokoni.

Avit


Rubya, 16 Machi 2025

Mume wangu, blanketi!

Nisamehe. Nimekukosea na nimejua nimekukosea nilipofika kwenye neno "nilikuomba". Niliona besi yako ya wimbo wa kumi na mbili, nikaiimba jikoni polepole, mama Klaudia akaacha kuchochea moto, na baada ya hapo sikuwa na akili tena. Nilitaka baba aone nimeolewa na nani. Nisamehe kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Umenisamehe? Haya. Sasa niambie, mume wangu msomi: ULIGEUZA KARATASI?

Ulizichapa upande mmoja, kwa hiyo upande wa pili ulikuwa mweupe. Sasa si mweupe! Nyuma ya kila ukurasa, kwa wino ule ule mwekundu, kuna herufi za sol-fa, mstari mmoja mmoja, zimepigiwa rula. Nilidhani ni maelezo ya makosa. Nikaanza kuimba. Avit, ni besi. Ni besi YAKE. Ya wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, yote, na alama za pumzi. Baba yangu kwa mara ya kwanza maishani mwake ameandika sauti ya nne!

Nimepiga kelele mpaka mama Klaudia akatoka nje akidhani nimeona nyoka. Nimemwonyesha. Akasema, "Hebu niambie, huyo mzee amekasirika au amefurahi?" Nikamwambia, kwa baba yangu vyote viwili vina rangi moja.

Lakini ni nne tu, na zimebaki nane. Hakuzituma, na najua kwa nini, maana namjua: anataka zifuatwe. Nenda Kaagya. Nenda peke yako, bila mimi kukutetea. Beba kompyuta, hakikisha imejaa chaji. Usimwite baba, mwite Mwalimu. Mama akikuletea chakula, kula. Usimsifu usoni, atakuona mwongo. Na usizungumze habari za harusi asipoanza yeye.

Ukiogopa, kumbuka kuna mwanamke Rubya anayetembea barabarani kama aliyeolewa na mfalme.

Koku


Bukoba, 31 Machi 2025

Mke wangu mwenye herufi kubwa,

Nimesamehe. Nimeenda. Nimerudi.

Juzi Jumamosi nilifika Kaagya asubuhi kwa bodaboda, kompyuta nimeikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Nilipokaribia mlango, kwa mazoea, nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo!" Akajibu, "Bwana asifiwe." Tukabaki tumetazamana, kila mtu na salamu yake. Nikasema, "Shikamoo Mwalimu." Akasema, "Marahaba. Umekuja na hiyo mashine?"

Hakunipa kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribisha mgeni. Mama yako alishika kikapu chake cha kahawa, akamtazama, akakirudisha.

Akaniambia, "Washa, niisikie." Nikaufungulia wimbo wa tano. Akasikiliza hadi mwisho, amefumba macho. "Haipumui," akasema. "Inaimba kama mtu asiye na mapafu." Nikamwambia, "Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo maana nimekuja kwako." Akanitazama. "Hayo umefundishwa na Koku?" Nikakiri kwamba nimefundishwa mengi, lakini hilo ni langu.

Basi akasimama. Akaimba besi, mimi naandika. Koku, hukuniambia ana sauti ya namna hiyo! Vikombe vililia mezani. Kila mstari akiumaliza nauchezesha kwenye kompyuta, yeye anainama kwenye kioo, kidole juu ya nota. "Hiyo sikuimba hivyo." "Mwalimu, umeimba hivyo." "Rudia." Narudia. "Kweli. Basi nimekosea tangu mwaka elfu moja mia tisa tisini na nne. Sahihisha." Mama yako alicheka jikoni hadi akadondosha mwiko.

Tulipofika wimbo wa saba alisema bila kugeuka, "Vestina, huyu mtu hujampa kahawa?" Nikatafuna, Koku. Sijawahi kutafuna kahawa tamu vile, na unajua ilivyo chungu.

Tumemaliza hadi wa kumi na moja. Nilipofungua wa kumi na mbili akausikiliza ukiwa na besi yangu, mara moja tu. Kisha akanyanyuka akasema, "Huo uache." Nikauliza, tuufute? "Nimesema uache." Akatoka kwenda kwenye migomba, hakurudi hadi nilipoaga. Hakunipa mkono.

Kwa hiyo sijui. Nimepata besi kumi na moja, na kwa ya kumi na mbili nadhani nimemkosea. Ule ndio wimbo alioutunga kwa ajili yako, mama aliniambia nikiwa napanda bodaboda. Sikupaswa kuugusa. Nikiutoa, kitabu kitaisha na nyimbo kumi na moja. Niambie nifanye nini. Uchapaji lazima uanze kabla ya Pasaka.

Avit


Rubya, 4 Aprili 2025

Mpenzi,

Nimelia kidogo, kwa furaha na kwa huo wimbo. Sikujua kama ulikuwa wangu. Nilikuwa naimba alto ya wimbo wangu mwenyewe bila kujua!

Usiutoe, na usiuchape. Subiri. Nimemwandikia baba mistari miwili tu, bila alama ya mshangao hata moja, umwambie kila mtu huko: nimemuuliza besi ya wimbo wa kumi na mbili ni ya nani. Na nimemwomba asimkasirikie mama kwa ajili ya daftari.

Vyovyote atakavyojibu, najivunia wewe. Ulimfanya baba yangu aseme "nimekosea". Mama ameishi naye miaka thelathini na tano, anasema hilo neno amelisikia Jumamosi ile kwa mara ya kwanza.

Koku


Kaagya, 14 Aprili 2025

Kwa mwanangu Kokwijuka,

Tumsifu Yesu Kristo. Hiyo ni kwa ajili ya mumeo, amezoea hivyo.

Umeuliza mambo mawili. Naanza na la pili. Mama yako usimsumbue, hajui lolote. Daftari nililitia mimi. Nililiweka chini ya vitenge usiku wa kuamkia siku uliyoondoka, na nililitia bila besi nikijua halina besi. Sikuweza kusema niliyotaka kusema. Nikawaza, atakayelifungua ataona kuna sauti inakosekana, na atakayeitaka itabidi anitafute. Sikutegemea kwamba mumeo angeanza kwa kujitungia. Nilipoona zile besi zake nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikatafuta rula.

Siku ya harusi nilisimama nje kwa sababu sikujua ndani nikae upande gani. Watu walielewa vingine, nami sikuwasahihisha, likawa kosa. Kwaya yao niliisikia vizuri tu kutoka pale nje. Ni nzuri, ila wanaburuta mwisho wa mistari.

Sasa wimbo wa kumi na mbili. Nimejaribu kuuandikia besi yangu mara tatu tangu alipoondoka. Miaka yote niliuimba tofauti kila mara, nikidhani bado sijaupata. Alipouchezesha nikasikia kwamba yeye ameupata. Ndiyo maana nilitoka nje. Mwambie hakunikosea.

Ichapeni ya kwake. Kwenye kipimo cha tisa ameenda kinyume na sheria, lakini asiliguse kosa hilo, ndilo linalouma vizuri. Na juu ya wimbo huo aandike: Sauti tatu, Josia. Besi, Avit. Lisipokuwepo jina lake kitabu sikipokei.

Tarehe 4 Mei sitaimba. Nimeshamwambia Karugendo. Nitakaa benchi la mbele pamoja na mama yako na mama Klaudia, nisikilize nyimbo zangu kwa mara ya kwanza, maana tangu nizitunge nimekuwa ndani yake. Besi ataiongoza mwanangu Avit. Ajifunze zote kumi na mbili, zisomwe kitabuni, asimtegemee mtu mdomo.

Mazoezi ni Jumamosi saa nane. Besi husimama nyuma, upande wa kulia, karibu na dirisha. Mwambie asichelewe, na aingie ndani.

Baba yako,
Josia